Soko la nyumba likilala, nani anajua bei ya kweli?

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Tunduma anaweza kukuambia, kabla hata ya saa nne asubuhi, foleni ya malori imefika wapi, kwacha inabadilishwa kwa kiasi gani upande wa Nakonde, na tani moja ya kwenda Lubumbashi inabebwa kwa bei gani siku hiyo. Taarifa hizo zipo midomoni mwa madereva, mawakala wa forodha na mama lishe, na hazimgharimu chochote. Lakini muulize mtu huyo huyo nyumba ya jirani yake iliyouzwa miezi mitatu iliyopita ilikwenda kwa shilingi ngapi. Atakutajia bei aliyosikia ikitangazwa. Bei iliyolipwa haijui.

Biashara ikiwa nzuri, kutojua huko hakuna madhara makubwa. Soko la nyumba likilala, mambo hubadilika, kwa sababu nyumba ndiyo iliyoshika mkopo wa lori. Wasafirishaji wengi wadogo wa ukanda huu hawakununua semi yao ya kwanza kwa fedha taslimu. Waliweka hati ya nyumba benki, au ya baba, au ya shemeji. Bei ya nyumba ikishuka bila mwenyewe kujua, anaendelea kupiga hesabu za biashara kwa thamani ambayo haipo tena.

Uchambuzi huu unaangalia jinsi soko la nyumba linavyoanguka katika miji yetu, kwa nini habari zake hufichika, na mfanyabiashara afanye nini ili asiwe wa mwisho kujua.

Nyumba na lori ni hesabu moja

Katika nchi tajiri, watu wengi hukopa ili wanunue nyumba ya kuishi. Kwetu mikopo ya aina hiyo ni michache sana. Kenya, yenye sekta kubwa ya mabenki kuliko jirani zake wa Afrika Mashariki, ilikuwa na mikopo ya nyumba karibu 27,000 tu mwishoni mwa mwaka 2020. Tanzania ilitunga sheria maalumu ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na kampuni ya kuyapa mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili hiyo, TMRC, ikaanzishwa mwaka 2010. Pamoja na hayo, mikopo hiyo imebaki chini ya asilimia moja ya pato la taifa.

Kwa hiyo nyumba nyingi za mijini zimejengwa kidogo kidogo, tofali kwa tofali, kwa faida ya duka, ya shamba au ya safari za lori. Baada ya kukamilika, hati yake hupelekwa benki kuombea mtaji. Faida inaingia kwenye nyumba, kisha nyumba inazaa mtaji unaorudi barabarani.

Mzunguko huo hufanya kazi vizuri bei zikipanda. Zikishuka, pande zote mbili huumia kwa pamoja, kwa kuwa mara nyingi jambo linaloua soko la nyumba ndilo linaloua pia biashara ya mizigo. Mizigo ikipungua bandarini, wakala wa forodha anarudisha ofisi aliyopanga, dereva anahama kutoka vyumba vitatu kwenda chumba kimoja, na mwenye nyumba aliyetegemea kodi hiyo kulipa marejesho ya benki anaanza kuchelewa. Ndipo naye anakumbuka kwamba anaweza kuuza nyumba, na anakuta jirani zake watano wamekumbuka hivyo hivyo.

Dar es Salaam baada ya mwaka 2015

Mfano ulio karibu nasi ni wa Dar es Salaam. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2015 jiji hilo lilijengwa kwa kasi. Masaki, Oysterbay, Mikocheni na Upanga zilijaa maghorofa ya kupangisha, mengi yakiwa na kodi za dola. Ng'ambo ya pili, Kigamboni, watu walinunua viwanja kwa matumaini ya daraja, ambalo lilifunguliwa Aprili 2016.

Kisha mambo kadhaa yakaja kwa mpigo. Serikali iliyoingia madarakani Novemba 2015 ilibana matumizi, na mashirika ya umma yakatakiwa kuhamishia fedha zao Benki Kuu kutoka mabenki ya biashara. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma, na mwezi Septemba mwaka huo Waziri Mkuu akahamia huko. Wasafirishaji nao wanakumbuka kodi ya VAT ya asilimia 18 iliyotozwa kwenye huduma za mizigo ya nchi jirani, ambayo iliwafanya wateja wa Kongo na Zambia waangalie bandari nyingine. Kodi hiyo iliondolewa katika bajeti ya 2017/18. Mabenki yalikuwa na mikopo mingi isiyolipika: kufikia mwaka 2017 ilikuwa imepita asilimia 10 ya mikopo yote, wakati Benki Kuu inataka isizidi asilimia tano.

Matokeo yalionekana kwa macho. Mradi wa NSSF na mshirika wake huko Dege, Kigamboni, uliopangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, ulisimama mwaka 2016 na kuacha maghorofa matupu yakitazama bahari. Miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa ya Morocco Square na Kawe nayo ilisimama kwa miaka kadhaa, ikaja kuendelezwa baada ya 2021. Vibao vya "Nyumba Inapangishwa" vilikaa mpaka rangi ikapauka kwa jua.

Hata hivyo, aliyekuwa akiuliza bei wakati huo aliambiwa bei zile zile za mwaka 2014. Hapa ndipo penye somo.

Nairobi nayo ilipita njia inayofanana, ingawa kwa sababu zake. Sheria ya kuweka ukomo wa riba ilianza Septemba 2016 na kufutwa Novemba 2019, na katika kipindi hicho mabenki mengi yaliwakwepa wakopaji wadogo. Kilimani na Westlands zilikuwa na fleti nyingi kuliko wapangaji wa kiwango hicho, na Upper Hill ofisi nyingi kuliko kampuni za kuzijaza. Baadaye, Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, kabla ya kuanza kuishusha mwezi Agosti. Mwaka huo mikopo isiyolipika ilizidi asilimia 16, na matangazo ya mnada wa nyumba na malori yakajaa magazetini.

Bei haishuki kwa sauti

Mahindi yakiwa mengi sokoni, bei hushuka siku hiyo hiyo, kwa sababu mwenye mahindi hawezi kungoja mwaka mzima. Mwenye nyumba anaweza kungoja. Anaona aibu kutaja bei ndogo kuliko aliyoitaja kwa ndugu zake, na anaamini hali itarudi. Kwa hiyo bei inayotangazwa hubaki juu, na mshuko hutafuta mahali pengine pa kujificha.

Kwanza hujificha kwenye muda. Nyumba iliyokuwa ikipata mteja ndani ya mwezi mmoja inakaa mwaka. Bei ni ile ile, lakini mwenye nyumba amepoteza miezi kumi na moja ya kodi, na hilo ni punguzo kubwa hata kama hakuna aliyelitaja.

Pili hujificha kwenye masharti. Dar es Salaam ilikuwa kawaida mpangaji kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Soko likilala, mwenye nyumba anakubali miezi mitatu, kisha mmoja mmoja. Anaongeza tangi la maji, anapaka rangi upya, anakubali kulipia ulinzi mwenyewe. Kodi iliyoandikwa kwenye mkataba haijabadilika. Faida yake imebadilika.

Tatu hujificha kwenye fedha. Aliyekuwa akidai dola anakubali shilingi, tena kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwaka juzi. Jambo hili linahitaji uangalifu zaidi sasa, kwa sababu kanuni zilizotolewa Tanzania Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja na kulipa bei za ndani kwa fedha za kigeni. Anayelinganisha kodi za leo za shilingi na kumbukumbu zake za dola asipokuwa makini atadhani soko limepanda kumbe shilingi ndiyo iliyoshuka, au kinyume chake.

Nne, bei ya kuuza hujificha kwenye mkataba wenyewe. Muuzaji wa nyumba Tanzania anatakiwa kulipa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida. Kenya kodi ya namna hiyo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Matokeo yake kuna wauzaji na wanunuzi wanaokubaliana kuandika bei ndogo kuliko iliyolipwa. Licha ya kuwa ni kosa, tabia hiyo inaharibu kumbukumbu. Matangazo yanasema bei ni kubwa kuliko ilivyo, mikataba inasema ni ndogo kuliko ilivyo, na bei ya kweli inabaki vichwani mwa watu watatu: muuzaji, mnunuzi na dalali.

Marekani walikuwa na takwimu, na bado walidanganyika

Msomaji anaweza kusema kwamba tatizo letu ni uchanga wa takwimu, na kwamba siku tukiwa nazo tutakuwa salama. Yaliyotokea Marekani yanaonyesha kwamba takwimu peke yake hazitoshi.

Bei za nyumba Marekani zilifika kileleni mwaka 2006, kisha zikashuka kwa zaidi ya robo mpaka mwaka 2012. Katikati ya anguko hilo, Septemba 2008, serikali ilichukua usimamizi wa Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika makubwa ya kufadhili mikopo ya nyumba, na benki ya Lehman Brothers ikafilisika. Mshindo wake ulifika mpaka Dubai, ambako wafanyabiashara wetu wengi hununua bidhaa. Novemba 2009 kampuni ya serikali ya Dubai World iliomba kuahirishiwa madeni, wakati bei za nyumba mjini humo zilikuwa zimeshuka karibu nusu.

Katika majimbo mengi ya Marekani bei ya kila nyumba iliyouzwa huandikwa katika daftari la wilaya, na mtu yeyote anaweza kwenda kulisoma. Juu ya hapo, chama cha kitaifa cha madalali wa nyumba hutoa takwimu za mauzo kila mwezi. Mchumi mkuu wa chama hicho, David Lereah, alitoa kitabu mwaka 2006 chenye kichwa kinachosema kwamba neema ya soko la nyumba haitapasuka. Mwaka uliofuata aliondoka katika kazi hiyo, soko likiwa tayari linaporomoka. Desemba 2011 chama hicho kilitangaza kwamba takwimu zake za mauzo tangu 2007 zilikuwa kubwa kupita kiasi, na zile za 2007 hadi 2010 zikapunguzwa kwa asilimia 14 hivi.

Si lazima mtu awe mwongo ili aseme soko ni zuri. Anayekula kutokana na mauzo huona dalili za mauzo kila mahali. Waliookoka mapema ni wale waliosoma daftari la mtaa wao wenyewe: nyumba ngapi zimetangazwa, ngapi zimeshushwa bei, ngapi zimechukuliwa na benki. Taifa lilikuwa na wastani mmoja, lakini kila mtaa ulikuwa na soko lake.

Asilimia 25 inayoweza kukuokoa

Hapa ndipo habari za bei zinapogeuka kuwa suala la kubaki na nyumba au kuipoteza.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania inamtaka mkopeshaji anayeuza nyumba ya rehani atafute bei bora inayoweza kupatikana wakati huo. Ikiwa nyumba imeuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei za nyumba za aina hiyo katika soko huria, sheria inachukulia kwamba mkopeshaji amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 ina kifungu kinachofanana, na inataka uthamini ufanyike kabla ya mauzo. Uganda, kanuni za rehani za mwaka 2012 zinataka uthamini usiozidi miezi sita kabla ya kuuza. Lakini kanuni hizo hizo zinaipa mahakama nafasi ya kumtaka mkopaji anayetaka kusimamisha mnada aweke kwanza asilimia 30 ya thamani ya kuuza kwa haraka au ya deni lililobaki.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msafirishaji ana nyumba Tabata iliyothaminiwa shilingi milioni 180 mwaka 2015. Aliikopea milioni 110, akanunua semi mbili zilizotumika. Soko limelala, mizigo imepungua, na bado anadaiwa milioni 90. Mnada unafanyika na nyumba inakwenda kwa milioni 85. Amepoteza nyumba na bado anadaiwa milioni tano, bila kuhesabu gharama za mnada.

Je, sheria inamlinda? Inategemea wastani wa bei za mtaa. Ikiwa nyumba kama yake zilikuwa zikiuzwa kwa milioni 120, basi robo ni milioni 30, na mstari wa ulinzi uko kwenye milioni 90. Bei ya mnada iko chini ya mstari huo, na benki itatakiwa kujieleza. Lakini benki ikionyesha kwamba wastani ni milioni 110, mstari unashuka hadi milioni 82 na nusu, na bei ya milioni 85 inapita. Tofauti ya milioni kumi tu katika wastani wa mtaa ndiyo inayoamua kesi nzima. Mdaiwa akifika kwa wakili na karatasi ya uthamini ya mwaka 2015 na maneno ya "kila mtu anajua nyumba za Tabata ni milioni 180", hana kitu mkononi. Akifika na mauzo matano ya mtaa wake, yenye tarehe, ukubwa wa kiwanja na bei zilizolipwa, wakili ana pa kuanzia.

Pia aelewe kwamba sheria ya Tanzania inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema katika mauzo ya rehani. Mara nyingi anachobaki nacho aliyeonewa ni kudai fidia, na nyumba imekwenda. Kwa hiyo ulinzi mkubwa zaidi uko kabla ya mnada. Rudi kwenye mfano wetu: kama mwenye nyumba angekubali mapema kwamba bei ni milioni 120, akaiuza mwenyewe kwa ridhaa ya benki, angelipa deni la milioni 90 na kubaki na milioni 30 kabla ya kodi na ada ya dalali. Badala yake alingoja milioni 180. Kungoja huko kumemgharimu milioni 35.

Anapopewa notisi ya kushindwa kulipa, Tanzania sheria inampa siku 60. Kenya ni siku 90, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Siku hizo ni za kutafuta mnunuzi na kuzungumza na benki. Wengi huzitumia kutafuta zuio la mahakama, na zinaisha bila nyumba kuonyeshwa hata kwa mteja mmoja.

Kwa wanaovuka mpaka

Wasomaji wetu wengi wana nyumba au viwanja upande wa pili wa mpaka, Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo na kwingineko. Kwao soko lililolala lina hatari ya ziada.

Tanzania, asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Kenya na Uganda asiye raia hupewa umiliki wa muda usiozidi miaka 99. Kwa kuwa taratibu hizo ni ndefu, wapo wanaonunua kwa jina la rafiki, wakwe au mfanyakazi. Bei zikiwa juu urafiki unadumu. Biashara ya rafiki ikianguka, wadai wake wanaona nyumba yenye jina lake, na benki haina sababu ya kuuliza fedha zilitoka kwa nani. Mwenye mali halisi hujua mambo yalipofika siku anaposikia nyumba inatangazwa kwa kipaza sauti.

Jambo jingine ni la udalali wenyewe. Amri iliyotolewa Tanzania Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na udalali wa nyumba na viwanja ni mojawapo. Amri hiyo ililalamikiwa sana Kenya. Mfanyabiashara wa Nairobi au Kampala aliyezoea kuwatafutia wenzake maghala na nyumba Dar es Salaam kwa ada afahamu kwamba kazi hiyo sasa ina adhabu. Na anayehitaji habari za soko la huko amtafute mwenyeji anayeijua mitaa yake.

Dalali msema kweli

Hilo linatuleta kwa dalali. Sifa yake mitaani si nzuri, na sehemu ya lawama ni ya haki. Anatoza ada ya kuonyesha nyumba ambayo tayari ina mtu, anamtajia mwenye nyumba bei ya juu ili apewe kazi, kisha anamwacha angoje. Kenya kazi hii ina bodi ya usajili kwa mujibu wa sheria. Tanzania yeyote mwenye simu na kiti chini ya mwembe anaweza kuifanya.

Hata hivyo, soko likilala ndipo dalali mzuri anapojitofautisha. Soko likiwa limechangamka, nyumba zinajiuza zenyewe na hakuna anayemhitaji sana. Soko likilala, mwenye nyumba anahitaji mtu wa kumwambia, "Mzee, bei hii haipo tena. Nyumba ya kona ilikuwa na kisima na uzio, ikakaa miezi tisa, ikaondoka kwa milioni mia na kumi na tano. Ukitaka kuuza mwaka huu, tuanzie hapo." Wateja wengine watamkimbia kwa maneno hayo na kwenda kwa anayewafurahisha. Lakini watarudi, na wanunuzi wenye fedha mkononi watamtafuta kwa sababu wanajua hapotezi muda wao.

Mfanyabiashara anaweza kumpima dalali kwa swali moja: nitajie nyumba tatu ulizouza mwaka huu, zilikaa muda gani sokoni na ziliondoka kwa kiasi gani. Anayejibu kwa bei zilizotangazwa tu hana habari ya kukupa.

Daftari la mtaa

Tunashauri kila mwenye nyumba iliyowekwa dhamana awe na daftari dogo la mtaa wake, kama anavyoweka daftari la mafuta na matairi. Halihitaji kompyuta. Aandike mambo haya kila mwezi:

Vibao vya kuuza na kupangisha ni vingapi kutoka kona moja hadi nyingine, na vipi vilikuwepo mwezi uliopita.

Nyumba zilizouzwa ziliondoka kwa bei gani, kwa kuuliza muuzaji, mnunuzi na dalali. Wawili wakikubaliana, andika. Weka ukubwa wa kiwanja, aina ya hati na kama barabara inapitika masika.

Kodi zinalipwa kwa miezi mingapi, na kwa shilingi kiasi gani.

Minada iliyotangazwa, iliyofanyika na iliyoahirishwa kwa kukosa wateja.

Mara moja kwa mwaka alinganishe daftari hilo na deni lake benki. Kama bei ya kuuza kwa haraka inakaribia deni, huo ndio wakati wa kumwita ofisa wa mikopo na kupanga upya marejesho, kuuza lori moja, au kuiuza nyumba akiwa bado na sauti. Amshirikishe mke au mume, ambaye kwa nyumba ya familia sheria inataka ridhaa yake kabla ya kuiweka rehani, na ambaye mara nyingi ndiye anayejua nani amehama mtaani na kwa nini.

Vyama vya wasafirishaji na wafanyabiashara vinaweza kufanya zaidi. Wanachama thelathini wa mji mmoja wakileta kila mmoja bei mbili za kweli kwa mwaka, chama kina mauzo sitini ya kuonyesha benki na mahakamani. Vyama hivyo tayari hukusanya habari za mizani, foleni na vibali. Bei ya nyumba inayoshika mkopo wa lori inastahili nafasi katika orodha hiyo.

Soko la nyumba la miji yetu limewahi kulala na kuamka, na litalala tena, maana mizigo haiko sawa kila mwaka na riba haikai mahali pamoja. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa aliyeweka hati yake benki, habari hizo zisipotoka mtaani kwake, zitamfikia kwa notisi.